Mukeka mu chumba ya loji

— Mama, toka apo chini! Toka, minasema! Kitanda iko apa, kubwa sawa kiwanja ya mupira, na weye unatandika mukeka?

— Usinipigie makelele, Lévi.

— Nitapiga! Nitapiga mpaka na bapundamilia ya huku basikie!

Lévi alikuwa anasimama katikati ya chumba na funguo ya loji mu mukono, ile funguo ya kufunga ku kipande ya muti, na jasho ilikuwa inamutoka, na baridi yote ile ya mwezi ya saba. Mama Geneviève hakuinua hata kichwa. Alikuwa alipiga magoti chini, pa sakafu ya sima ya rangi nyekundu, ananyoosha mukeka na kiganja ya mukono, polepole, sawa muntu anapiga pasi nguo ya kanisa. Ule mukeka alitoka nao ku nyumba, Katuba. Alikuwa aliufungia mu kitenge, na batoto yake balizania ni ya kuikalia inje wakati ya kuangalia banyama. Kumbe.

Casimir, mudogo wa Lévi, alibakia pa mulango na valizi mbili. Hakuingia, hakutoka. Alikuwa anaangalia kitanda tu. Kweli ilikuwa kitanda. Chandarua nyeupe ilishuka toka juu sawa rinda ya bibi arusi, na juu ya mashuka balikunja mataulo mbili shingo-shingo, sawa bata mbili yenye inabusiana. Pembeni ya dirisha kulikuwa kitanda ingine, mudogo. Ile ilikuwa yake. Yeye njo alikuwa alale chumba moja na mama, sababu ya kifua yake. Mama alikuwa anakohoa.

— Yaya, acha kwanza, alimuambia mukubwa wake. Bantu banasikia.

— Basikie! Na weye njo unamuzoeza. Mwaka muzima unamuangalia analala chini, weye unanyamaza. Mi niko Ndola, mbali. Weye uko naye nyumba moja! Unafanya nini mule?

Casimir aliweka valizi chini. Ile neno ilimuingia sawa mwiba, na mwiba mwenye kuingia mahali kulishakuwa kidonda.

Mambo ilianza hivi. Baba yao alikuwa shofere wa lori, muntu wa Kambove, kule bankambo yake banazaliwa na kuzikwa tangu zamani, mbele hata ya muntu kuya na mashini kutafuta shaba. Alikufa mwaka ya jana, mu baridi bilevile. Na ku bantu ya kwao, bwana akikufa, muke anashuka chini. Anaacha kitanda, anaacha kiti. Anakula chini, analala pa mukeka, mpaka siku muntu wa jamaa ya bwana atakuya kumusimamisha na kumuambia kilio imeisha. Kama jamaa banasikilizana, haikawiye. Mwezi moja, mbili, muke anasimama, anaoga, anarudia ku maisha.

Ya Mama Geneviève ilikawia. Sababu ya kaburi.

Lévi njo alisema baba hatapelekwa Kambove. Alifika toka Ndola, kule anauzisha bipuri ya motoka, macho nyekundu, suti nyeusi, na akasema: bacreuseurs, bale bachimbaji ya shaba, banachimba mpaka pembeni ya makaburi, mi siwezi kupanda baba yangu leo na kesho nimukute mu shimo ya muntu. Balimuzika apa apa Lubumbashi. Numbi, mudogo wa baba, alingoja udongo imalize kuanguka, akavaa kofia yake, akasema: «Mulimuzika kwenu. Sawa.» Akapanda mu basi ya Likasi, njia ya Kambove, bila kuaga muntu.

Basi ile «sawa» njo ilibakia inaikala mu nyumba. Balituma shangazi aende kumuongelesha, Numbi alijibu: «Niko nangoja.» Balituma katekista, Numbi alimupatia kiti, alimupatia munkoyo ya kunywa, akasema: «Niko nangoja.» Lévi alituma mbuzi, mbuzi munene wa kunona na mafuta. Numbi alipokea mbuzi, akasema asante sana, na akaongeza kama anangoja.

— Anangoja nipige magoti, Lévi alikuwa anasema. Mi sitapiga.

Njo akawaza safari. Loji ilikuwa mupya, balifungua juzi-juzi, inje ya muji, ukipita Kampemba unaacha manyumba nyuma. Balileta pundamilia, swala, na twiga moja mwenye bado anaogopa bantu. Balale apo, kisha bashuke Kundelungu kuona maporomoko ya maji. Lévi aliwaza: mama atatoka mu ile nyumba ya Katuba, ataona kitanda muzuri, atasahau sima. Franchement, ilikuwa mawazo ya mutoto mwenye anapenda mama yake. Lakini mukeka alikuya naye.

Pa mulango balipiga hodi. Kijana moja wa loji aliingia na sinia ya majus, koti ya kijani yenye kumupita mabega, jina yake ilishonwa pa kifua: Doudou.

— Karibuni, bapatron, karibu mama. Chumba iko muzuri? Pa kuoga, maji ya moto ni ile yenye alama ya bleu. Ya nyekundu njo baridi.

— Hein? Chancelvie alisema. Alikuwa anapachika manguo mu kabati, muke wa Lévi, mwanamuke wa Butembo, jamaa ya bacommerçant, mwenye sauti ya chini.

— Balifunga kinyume, madame. Tungali bapya. Muzungu moja alipiga kelele jana, tulizania ni nyoka.

Chancelvie alicheka. Casimir naye alitaka kucheka. Doudou akaona mama chini, kicheko ikamukatika.

— Mama anaumwa?

— Anapumuzika, Lévi alisema, na meno ya kufunga.

— Weka yangu apa, mwana, Mama Geneviève alisema, na akapiga-piga sima pembeni ya mukeka.

Doudou alipiga goti moja, akaweka glasi chini na mikono mbili. Akasema kama jua ikishuka banyama batakuya kunywa pa kiziwa, apo mbele ya baraza, basifungue mulango na kelele. Akatoka kinyumenyume.

Lévi alingoja kijana aende mbali.

— Unaona? Unaona haya unatupatia? Bantu banatuona sawa bantu ya pori!

— Pori ni huku, weye njo ulituleta, mama alisema. Akanywa jus kidogo. Ni tamu. Nini iko mule?

— Mama!

Chancelvie aliacha manguo. Alikuya, akapiga magoti pembeni ya mukwe wake, akabamba mukono yake.

— Mama, tukiacha bantu yote. Weye mwenyewe, haupendi kitanda?

— Napenda, mwanangu. Mugongo yangu inapenda zaidi yangu miye. Mais haiko miye njo ninajisimamisha. Mufu hajiziki mwenyewe, na muke wake naye hajitoi mu kilio mwenyewe. Kikohozi ilimubamba, akangojea ipite, kisha akageukia Casimir pa mulango. Tata, funga apo, baridi inaingia.

Casimir alifunga.

— Mama, Chancelvie aliuliza, mi toka niolewe ninasikia hii. Casimir ni mutoto wako wa mwisho, juu ya nini unamuita tata, sawa baba yako?

Lévi alipiga mukono hewani.

— Ni jina. Alirizi jina ya nkambo. Mutale. Baba ya baba. Kwetu ukirizi jina, unarizi na kiti yake. Donc huyu mutoto wa Katuba, mwenye kutengeneza masimu pa chini ya parasol, ni baba mukwe wa mama yangu. Ni nkambo yangu. Niko namuogopa sana, unaona.

Chancelvie alitaka kucheka lakini aliona uso ya Casimir.

Casimir hakupendaka ile jina. Alikuwa kadogo, makamasi pa pua, na wakifika Kambove bamama bazee balikuwa banashuka chini na kumupigia makofi ya heshima, banamuuliza: «Tata, ulilala?» Numbi mwenyewe, munene, na mandevu, alikuwa anamukatia kifirigisi ya kuku mbele ya bote na kusema: «Kula, tata, shiye tutakula kisha.» Siku moja benzake ya masomo balisikia. Katuba yote ikamuita muzee. Muzee kuya tucheze, muzee unafungwa goli. Toka pale alikatala Kambove. Numbi akipiga simu, «Habari ya tata?», yeye anapitisha simu kwa mama sawa kintu yenye inaunguza. Na siku ya maziko, wakati Numbi alimuangalia muda mrefu ngambo ya kaburi, yeye aliangalia biatu yake.

— Nampigia, Lévi alisema. Leo nampigia, na atanisikia.

— Lévi, acha, mama alisema. Sauti yake ilibadirika. Acha ile simu.

Lakini Lévi alishabonyeza, na aliweka sauti ya inje, chumba yote isikie. Iliita. Kisha kelele ya mapikipiki ya Kambove, na sauti nzito:

— Allô.

— Baba mudogo. Ni Lévi. Mama iko chini mpaka leo. Anakohoa. Tuko mu loji na iko chini! Unataka nini tena? Mbuzi ulikula.

— Mbuzi ilikuwa muzuri.

— Basi kuya umusimamishe!

— Niko nangoja.

— Unangoja nini? Nikuombe luruma, unisamehe? Mbele ya muke wangu, nasema luruma. Juu ya kaburi, luruma. Voilà. Kuya!

Mapikipiki ilipita, moja, kisha ingine.

— Ya kaburi ilipita kitambo, Lévi. Nilikasirika, nikamaliza. Nilienda hata kuona mashimo kwa macho yangu. Ulikuwa na haki.

Lévi alisogeza simu karibu na kinywa.

— Sasa unangoja nini?

— Mi nitapita namna gani mbele ya baba yangu? Baba yangu iko kule na mweye. Njo mwenye kuanza. Anitume, ao afanye mwenyewe, ni muke wa mutoto wake. Mwaka muzima ninasema leo atanituma, kesho atanituma. Ananyamaza. Mi nisimamishe ule mwanamuke mbele tata hajasema neno? Bantu ya huku watasema Numbi amemuzika baba yake mara ya pili. Na iko muzima.

Lévi aligeuka polepole, akaangalia mudogo wake, sawa muntu anamuona mara ya kwanza.

Bote balimungojea Numbi. Na Numbi alikuwa anamungojea Casimir.

— Mupatie simu, Numbi alisema.

Casimir aliipokea. Ngambo ile alisikia kintu alishasahau: makofi. Tatu, ya chini-chini, ya muntu mwenye kuinama.

— Tata.

Ilikuwa mara ya kwanza asipitishe simu kwa mwingine.

— Niko, alisema.

— Unanituma, nitapanda basi. Ao unafanya weye. Ni sawasawa.

— Mi sijui maneno yake.

— Unajua. Muntu hafundishe nkambo yake. Kisha Numbi alishusha sauti, lakini simu ilisema yote inje. Tu, tata, ujue. Mpaka leo ile jina ulikuwa unaibeba mukononi sawa kofia ya muntu mwingine. Siku utaivaa, hautaivula. Ukishamusimamisha, bukwe ni bukwe. Hautalala tena mahali analala. Hautakula tena naye mu sahani moja. Mutoto anaisha mule mu nyumba.

Simu ikakatika.

Casimir aliwaza nyumba ya Katuba. Chumba moja na pazia. Yeye upande huu, mama upande ule, na toka alikuwa mutoto anasinzia na kusikia anavyopumua. Mwaka huu, kikohozi yake toka pa sima. Usiku ya baridi aliamukaka, akamufunika na koti yake, na asubui koti ilikuwa juu yake mwenyewe, mama alimurudishia wakati alilala.

Akamuangalia. Mama Geneviève alikuwa anaangalia glasi.

— Mama. Ulijua?

Mama alizungusha glasi pa sima.

— Ulijua njo miye anangoja?

— Baridi inapita, mama alisema.

— Mama, ulijua?! Lévi alipiga kelele, lakini haikuwa tena kelele ya hasira, ilipasukia katikati. Mwaka! Mi natuma mbuzi, weye unajua!

— Nilijua. Na ningefanya nini? Nimuambie mutoto wangu: kuya, unisimamishe toka pa mukeka, kisha toka inje? Alikuwa anasema polepole, na kiganja yake ilirudia kunyoosha mukeka mahali ilishanyooka. Bwana wangu alienda. Weye ulienda Ndola. Alibakia huyu moja. Nikasema, sima ni kintu gani? Sima ni baridi tu. Inapita.

Akainua macho kwa Casimir.

— Acha, mwana. Twende kuona banyama.

Mwana. Alimuitaka tata kila siku, tata leta maji, tata zima televizio, ilikuwa mazoea tu, na sasa mahali jina ilikuya ya kweli, alimuita mwana. Casimir angeweza. Angeweza kusema sawa mama, twende kuona twiga, na kesho Kundelungu, na mukeka ungeenda nabo mu motoka, na kikohozi bilevile.

Kikohozi ilikuya. Ilimukunja mama mpaka paji ya uso ikagusa magoti. Chancelvie alimushika mabega.

Ilipoisha, Casimir alivua kofia yake, akaitia mu mufuko. Aliomba Chancelvie kitenge. Hakujua ni nani alimufundisha, labda alionaka kule Kambove akiwa kadogo, mbele asikatale. Alibamba muisho moja ya kitenge, muisho ingine akaitupa pole pa magoti ya mama. Mukono haigusi mukono.

— Lévi, alisema. Ikala chini.

— Nani, mi?

— Ikala.

Na Lévi, na suti yake na Ndola yake, aliikala chini. Chancelvie naye. Ilibakia Casimir tu anasimama.

— Mutoto wangu alienda, alisema. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. Alikuwa shofere, na alirudiaka kila mara. Hii mara hakurudia. Haiko kosa yako. Ulikaa naye muzuri. Ulimulilia muzuri. Jamaa ya Mutale inasema asante. Kilio imeisha. Simama, muke wa mutoto wangu.

Mama Geneviève hakubamba kitenge. Aliangalia ile muisho pa magoti yake muda mrefu. Inje bantu balikuwa banasema chini-chini pa baraza ingine, banyama labda balishafika. Machozi ilimushuka, na toka maziko Casimir hakumuonaka analia.

— Mwana, alisema tena, pole kabisa, sawa muntu anaaga.

— Simama.

Akabamba. Kitenge ikanyooka kati yao. Casimir alivuta, na alisikia uzito yake yote mu mikono, mudogo kuliko aliwaza, na magoti yake ilialika, moja, kisha ingine. Alisimama. Aliyumba kidogo, na Chancelvie alimushikilia, akamuongoza mpaka pa kitanda. Aliikala pa pembeni, juu ya mashuka nyeupe, na bata moja ya taulo ikaanguka, ikarudia kuwa taulo.

Halafu alifanya kintu chenye hakufanyaka kamwe kwa Casimir. Alijifunika na kitenge mpaka pa macho, akaangalia chini, vile muke anaangaliaka chini mbele ya baba mukwe. Na akapiga makofi, tatu, ya chini-chini.

— Eyo, tata.

Casimir aliinama, akakunja mukeka. Ulikuwa ungali na joto mahali mama alipiga magoti. Aliuweka chini ya mukono, akabeba valizi yake, akaacha ya mama. Kitanda ya pembeni ya dirisha aliiangalia mara moja, mashuka haijaguswa.

— Yaya, Lévi alisema toka chini. Mu maisha yote yeye njo alikuwa yaya, na hakusikia hata vile alikosea. Utaenda wapi?

— Umufunike muzuri, Casimir alisema. Usiku anatupa blanketi.

Baridi ilimupokea pa baraza. Akabamba mulango na mukono yenye ilibakia, akaivuta bila kelele, vile Doudou alisema, mpaka ikafunga.